Wembe na Waya

Masika yalipofika, mitaro ikishajaa,
Radi moja ikashuka, Ngamiani nilokaa,
Kompyuta ikazinduka, ikazima, ikang'aa,
Iliwaka kila taa, likafa tundu la waya.

Kazi yangu ni kuchapa, na fomu kuzipeleka,
Wateja huja na pupa, siku zikimalizika,
Bando la simu hukwepa, mvua ikimwagika,
Hapo ndipo hukumbuka, uaminifu wa waya.

Akatoka kule Pongwe, binti aitwaye Tatu,
Bado kidogo lifungwe, dirisha, ni siku tatu,
Mkopo wake upangwe, asome mwana wa mtu,
Nikamwambia si kitu, huku tumbo likigwaya.

Dukani nikaonyeshwa, kijidude cha kung'aa,
Kwa rangi kimerembeshwa, bei yake ya kufaa,
Nikawa nimeridhishwa, noti nimeshazitwaa,
Mwanatumu kakataa, fundi asiye na haya.

“Hiki joto kikipata, hulala kama mlevi,
Saa saba utakuta, kimeshazua ugomvi.
Kadi nataka kupata, ya ndani, si kama hivi,
Isokuwa na ulevi, na meno yasiyopwaya.”

Zikatoka kadi mbili, akamulika kurunzi,
Akasoma kwa ukali, herufi ndogo ja inzi:
“Hii haiendi mbali, bila ya diski ya enzi,
Hii nyingine ni mwenzi, iite, husema: Haya.”

Akapima kwa kidole, bamba la chuma la nyuma:
“Kasha lako ni la kale, jembamba, si la kuvima,
Refu lingekwama pale, na mfuniko ukagoma,
Ungerudi kulalama, uambiwe: Siyo mbaya.”

Waya nao ukaletwa, rangi yake kama hina,
Shaba tupu ukaitwa, kwa kiapo cha Rabana,
Ncha yake ikakatwa, na kwa wembe kuichuna,
Ndani mweupe bayana, si shaba, ni bati baya.

“Alumini huja liwa, na chumvi ya Raskazone,
Kwenye kona ikitiwa, itakatika uone.
Leta ya shaba muruwa, jozi nne nizione,
Na bei tusigombane, nina miaka na nyaya.”

Swichi ya plastiki nzuri, akaisukuma kando,
Ya chuma akaikiri, nzito mithili ya nyundo:
“Hii kwa joto la hari, haibadilishi mwendo,
Feni haina, kishindo, wala taa za Ulaya.”

Hesabu ikanichoma, laki moja na sitini,
Ilikuwa kodi nzima, niloficha kabatini,
Nikatoa nikihema, noti kwa noti mezani,
Kile kidude pembeni, chanikonyeza vibaya.

Nyuzi nane kazipanga, chungwa, kijani, buluu,
Kama msusi wa Tanga, asukapo nywele juu,
Koleo likazifunga, bila mbwembwe na makuu,
Kavuta kwa nguvu kuu, aone kama yapwaya.

Akaupitisha dari, mbali na ule umeme,
Bomba likausitiri, panya meno yawakwame,
Usiku tukasubiri, tukaiacha iseme,
Itume tena itume, hadi zikalala kaya.

Kulipokucha nikaja, na chapati mkononi,
Pakiti hakuna moja, iliyozama njiani,
Tatu tayari kangoja, na bahasha kifuani,
Nikabonya; si angani, ilipita kwenye waya.

Kipande chake cha bati, mezani kimesalia,
Mtu akivuta kiti, huja kukiulizia,
Simpi neno la dhati, wembe namkabidhia,
Akija wa kodi pia, nampa, naona haya.